Ya Saba

Walituambia: mradi wa mwisho uwe kitu
ambacho mtu anaweza kukishika.
Halina, mwenzangu wa meza, akachagua viti.
Mimi nikachagua kadi.
Alicheka hadi brashi ikamdondoka:
"Miaka mitano ya chuo, Jagoda,
na unatuchorea keki?"

Sikuchora keki.
Duka lililo karibu na kituo cha tramu lina keki za kutosha,
na korongo waliobeba vitoto midomoni,
na kadi za Krismasi zilizododa,
dhahabu yake ikihamia vidoleni.
Nilisimama mbele ya rafu zile Jumamosi moja ya Februari,
viatu vikinyonya theluji chafu ya Łódź,
nikimtafutia dada yangu kadi:
wiki ile kiwanda kilimwachisha kazi.
Furaha ina rafu nne.
Msiba una moja, nyeusi, yenye mshumaa.
Katikati, tunapoishi siku zote,
ukuta mtupu na tundu la msumari.

Nikaanzia kwenye tundu.

Pole kwa kazi: mwavuli umening'inia,
unachuruzika ndani ya kiatu.
Hongera, deni limekwisha:
simu mezani, haiiti, na mtu kalala fofofo.
Nimesikia umeacha, sikuulizi kitu:
glasi ya vodka, ndani yake mswaki.
Jirani, tulikosana kwa lipi vile?
Milango miwili, zulia moja la kufutia miguu,
kila upande unalivuta.

Ya saba ilinitoa jasho.
Neno la kuomba radhi, kwa lugha yetu, lina herufi kumi na moja,
konsonanti zinasukumana kama watu mlangoni mwa tramu.
Kulichonga kinyumenyume, ili karatasi ilisome sawa,
ni toba tosha.
Nikachora tramu kwa nyuma, inakwenda,
taa moja nyekundu.
Ubao ule ule kwa rangi zote:
unachapa, unachonga tena, unachapa,
na kila rangi inakula njia ya kurudi.
Kufika nyekundu, ubao umebaki mbavu.
Nakala nzima iliyotoka ilikuwa moja.

Usiku wa kuamkia mtihani
bwana Zenobiusz, mlinzi, alikuja kufunga.
Funguo zikanyamaza.
Alisimama mbele ya ya saba
kama mtu anayesoma ratiba ya treni iliyokwisha kuondoka.
"Bei gani?"
Nikasema si za kuuza, ni za mtihani.
Akaweka mezani zloti kumi na mbili,
na sarafu za shaba, na kifungo cha koti kilichojichanganya humo,
akailaza kadi ndani ya kofia isije ikakunjika,
akaondoka kichwa wazi.
Ningeweza kumwita. Mdomo ulikuwepo.

Asubuhi profesa Wieczorek alihesabu kwa kalamu.
"Kumi na moja. Ya saba iko wapi?"
"Imekwenda kazini," nikasema.
Halina akakohoa, amekaa juu ya kiti chake mwenyewe,
nacho kikalia kama bata.
Nilipata nne. Ingekuwa tano.
Pembeni waliandika: mkusanyiko haukukamilika.

Ile ya mwavuli nilimpelekea dada.
Hakusema lolote,
ila iko kwenye friji, imefunika bili ya gesi.

Oktoba nilirudi kuchukua cheti.
Kwenye kibanda cha mlinzi, nyuma ya chupa ya chai,
taa nyekundu ikanitazama.
Kadi ilikuwa wazi.
Ndani, kwa mwandiko wa mtu anayekandamiza,
jina la mwanamke, kisha koma.
Miezi minne, na koma.

Sikuuliza. Nilimpa kifungo chake.
Akakigeuzageuza, akakitia mfukoni,
kisha akaniomba kalamu,
eti yake inakwaruza.
Nikampa. Nikakaa na kuangalia mvua upande wa pili.