Basi la Saa Kumi na Mbili na Robo

Shangazi yangu Bogumiła hakununuliwa kwa kilo ya sukari.
Liandike hilo kwanza, wewe uliyetoka mji mkuu
na swali lako lililonyooka kama rula:
kwa nini mlimchagua?

Andika na baridi. Andika Novemba ya Zaleśnica,
theluji ya kwanza juu ya paa la kiwanda cha mashati
ambamo cherehani mia mbili zilivuma miaka thelathini,
halafu, Ijumaa moja, karatasi ikazinyamazisha.
Andika stesheni isiyo na reli; ziling'olewa, zikauzwa chuma chakavu.
Andika kituo cha basi: ratiba ingali chini ya kioo,
*saa kumi na mbili na robo, kila siku isipokuwa Jumapili*,
ratiba ya basi lililofutwa, huu mwaka wa tatu.

Basi hilo ndilo lililoupeleka hospitali mguu wake wenye kidonda cha sukari.
Aliandika barua wilayani, mkoani, kwa waziri.
Wakajibu: *Kwa kuzingatia vigezo vya ufanisi, njia tajwa…*
Akanipa mimi msomi nimsomee. Nikasoma mara mbili.
"Wanasema hapana, shangazi."
"Mbona hapana yao ndefu hivi?"

Ndipo akaja Korbiel.
Wenzake walikuja na chati za rangi, wakatuambia nchi imekua.
Imekua upande gani, aliuliza Zdzisław fundi wa mapaa, tupelekeni tukaione.
Huyu alikuja na tope viatuni. Tope la kuazima, nilisema,
gari lilimshusha nyuma ya kanisa, akatembea hatua mia;
lakini tope ni tope, zulia la shangazi lilichafuka kweli.
Akala supu ya kabichi chachu, akaomba bakuli la pili,
akapangusa mdomo, akasema:
"Saa kumi na mbili na robo."
Basi. Hakuongeza neno.
Na shangazi, ambaye hakulia hata siku ya kumzika mumewe,
akafuta macho kwa aproni.

Yaliyofuata nayajua, usinifundishe.
Uwanjani alisema mji mkuu una wezi. Unao.
Akasema wageni ndio waliolila basi letu.
Mji mzima una mgeni mmoja, Khang, Mvietinamu muuza soksi.
Usiku ule dirisha lake lilivunjwa
na kijana aliyevaa soksi alizonunua palepale.
Andika hilo pia. Usiliruke kwa kutuonea huruma.

Nilimwambia: shangazi, huyu anakudanganya.
Hakuacha kumenya viazi.
"Najua. Nimeishi chini ya serikali nne,
unadhani siijui harufu ya uongo?
Lakini huyu aliuleta mpaka jikoni kwangu, akaniangalia usoni.
Wale wengine waliona hatustahili hata nauli ya uongo."
Kisha, bila kuinua macho:
"Na wewe mwaka ule ulikuja mara ngapi?"

Mara moja. Kuchukua cheti changu cha kuzaliwa.

Akashinda. Basi likarudi, jipya, sura yake ubavuni,
kwa wiki kumi na moja.
Machi wakaukata mguu, chini ya goti.
Aprili alikwenda kwa magongo dukani kwa Khang,
akaomba soksi moja.
Khang alitazama sakafu, akatenganisha jozi,
akamtoza nusu ya bei.
Hawakusema lolote juu ya dirisha. Gundi yake ya karatasi
ilikuwa imeanza kubanduka pembeni.

Kama atampigia tena? Muulize mwenyewe, yupo ndani,
anasikia kila kitu.
Ila nitangulie mimi kukuuliza jambo dogo:
hapa umefikaje?
Maana naona moshi mweupe nyuma ya lile gari lako
pale getini.
Hukulizima.