Mbuzi ya Bikombo

Niliiazima mie, Ijumaa asubuhi,
mwaka ule karafuu zilipozidi
hata majamvi yakatuishia hapa Utaani,
tukaanika kwenye mashuka ya wageni.
Mbuzi ya mfenesi, ulimi wa chuma
uliofuliwa Bopwe, meno kumi na moja.
Nimeyahesabu.

Mwezi wa tatu, tumekaa uani tunachambua makonyo,
wanawake kumi na wanane, vidole vyeusi,
Bikombo binti Makame akakohoa kidogo,
akaanza, wala hakuniangalia:

    Nilikupa kwa hisani, mbuzi yangu ukakuna,
    Mwezi wa ngapi jirani, tui mie sijaona.

Hakutaja jina. Ndio ubaya wake.
Hata kuku walijua ni nani.

Wimbo ule ukampeleka harusini Mtambwe,
akalipwa pishi mbili na doti ya kanga.
Wakaja watu wa redio na kinasa sauti,
wakamkalisha kwenye busati, wakafunga madirisha
majogoo yasisikike.
Ukavuka naye Tanga, Mombasa, Moroni.
Alitunga nyingine, sikatai:
ya mkwe asiyeshiba,
ya karani aliyepima karafuu kwa mizani iliyolala,
ile ya talaka iliyoletwa na mtoto wa chuoni.
Lakini kila alipotua waliitaka hii.
Maskati, wanawake wenye asili ya huku walilia,
wakatuma salamu kwa Pemba nzima
isipokuwa mie.

Kisha Ulaya.
Alinihadithia mwanawe, Nassor, mbeba gambusi:
mji wa theluji, nyuzi zikilegea kila robo saa,
watu elfu wamekaa kama wako kwenye khutba,
hakuna aliyenyanyuka kutunza,
hakuna aliyebenua mdomo,
hakuna aliyemtazama jirani yake kwa jicho la pembeni.
Na kijitabu walichogaiwa mlangoni
kilieleza kuwa bibi huyu wa visiwani
anamlilia mnyama wake aliyepotea.
Sidii yenyewe jaladani ina picha ya beberu.
Ana ndevu!
Nilicheka hadi nikashika ukuta,
kisha nikanyamaza,
maana pale alipowekwa beberu
palikuwa pangu.

Miaka thelathini na ushei nimesafiri kinywani mwake.
Mie niliyefika Unguja mara mbili tu, zote hospitali,
nimesemwa kwenye miji nisiyoweza kuitamka,
na watu waliolipa kiingilio.

Mwezi uliopita karudi. Harusi ya mjukuu wa Bi Raya, Limbani.
Sauti imeshuka, inakwaruza kama bawaba.
Gambusi kapiga Nassor, vidole vya mamake vimepinda.
Ukafika wimbo ule. Kitangulizi, makofi,
akafungua mdomo, akaniona:
nimekaa kitini, mkongojo mapajani.
Akauruka ubeti.
Akaingia unaofuata, taratibu, kwa adabu,
kama mtu anayekwepa mguu wa mgonjwa.

Sijawahi kutukanwa vile.

Nikasimama. Wakadhani natoka, wakanipisha njia.
Nikenda mbele, mkongojo ukigonga saruji
nje kabisa ya mdundo,
nikamchomekea elfu kumi kwenye ushungi,
nikamwambia sikioni:
Umeniacha njiani, Bikombo. Nirudie.

Akacheka, jino lake la Maskati likang'aa.
Akamwashiria Nassor arudi nyuma.
Na ukumbi mzima ukanigeukia,
hata vitoto vilivyozaliwa kaseti zishatupwa,
vikininyooshea vidole: ndiye huyo, ndiye huyo!

Usiku nikainama kwa tabu,
nikapapasa uvunguni.
Ipo.
Kutu imekula mawili, yamebaki meno tisa.
Nikaisukuma ndani zaidi.