Pigo la Nne

Mashine namba saba ina kilema.
Ikifika kukamua huchechemea:
ndu-ndu, ndu, kimya, ndu.
Fundi wa hoteli kaja mara mbili na bisibisi,
kasema ni beringi, kasema sakafu haiko sawa,
kaondoka.
Mimi sikutia neno.
Nilijua kinacholia.

Glasgow, chini ya ardhi, saa kumi alfajiri.
Dirisha letu liko usawa wa viatu vya wapita njia,
na mvua huingia kwa kutumwa.
Nakunja foronya za watu nisiowajua,
kiuno kikanitangulia, vidole vikafuata
juu ya meza ya chuma:
mkono wa kulia chapuo, wa kushoto vumi,
kama alivyonifunza somo yangu, Bi Mwanahalima binti Kombo,
Pangani, chumba cha ndani, mlango kwa komeo,
shuka limetundikwa dirishani wanaume wasichungulie.
Alikidaka kiganja changu hewani.
“La nne halipigwi.
La nne ni la kiuno cha mwari.
Ukilipiga umemnyang’anya.”

Struan alikuwa mlangoni na toroli la taulo,
kijana wa miaka ishirini na miwili
ambaye masikio yake hushinda yamezibwa.
Siku hiyo aliyazibua.
“Rudia,” akasema, simu mkononi.
Nikarudia. Mungu anisamehe, nilirudia.
Nilikuwa sijasikilizwa na mtu tangu Novemba.

Mwezi wa sita, supamaketi, nachagua viazi,
spika ya darini ikaanza kunisema.
Besi nzito, msichana analalama
kuhusu mtu asiyepokea simu,
na chini yake, bila kanga, mchana kweupe,
ngoma ya Bi Mwanahalima.

Ila wamelijaza.
Pale pa kimya wamebandika kofi la kompyuta,
pa!
ili asiyejua asijikwae.
Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu;
hii yetu ilidumu kwa pale isipovuma,
na hapo ndipo walipopaziba.

Nilimuuliza Struan. Akawa mwekundu hadi shingoni.
Alimuuzia rafiki, rafiki akaiuzia kampuni,
pauni mia na themanini,
hii hapa nusu yako, nilikuwa nataka kukwambia.
Nilizipokea. Sitadanganya,
mita ya gesi ilikuwa inasoma sifuri.

Tangu hapo sikio langu limekuwa mpekuzi.
Natoka kazini kwa miguu, nashuka Mtaa wa Jamaika,
jina limeandikwa ukutani kama salamu ya kawaida,
nawasikia ndani ya kila baa:
gitaa linauliza, gitaa linaitika,
mpiga ngoma mzungu mwenye upara
anachelewesha mkono, nusu ya nusu, na hajui
ni nani aliyemfunza kuchelewa.
Waliovushwa walinyang’anywa ngoma zao.
Wakazihamishia mapajani, kifuani, kisiginoni,
mahali ambapo forodha haitii muhuri.
Wajukuu wakaziweka kwenye santuri,
santuri zikavuka tena,
na sasa zinauzia watu viazi.

Sijui nidai nini, wala kwa nani.
Hata mimi sikuitunga. Hata yeye Bi Mwanahalima
alisema aliikuta.

Lakini jana, foleni ya kulipa, wimbo ule ule,
mbele yangu mtoto kaketi ndani ya toroli,
soksi moja, makombo ya biskuti kidevuni.
Mama yake anahesabu sarafu.
Nikagonga kwa vifundo kwenye chuma, taratibu,
juu ya wimbo wao, dhidi ya wimbo wao:
ndu-ndu, ndu,

ndu.

Akageuka. Akanikazia macho
kama mtu aliyeitwa kwa jina la nyumbani.
Nikagonga tena, nikaliacha wazi,
na yeye, ambaye hata kutembea hajajua,
akalijaza kwa kiuno.