Pima Tano

Kijana wa Wete alikuja na mfuko wa kaki,
ndani yake kipande cha bomba la maji, urefu wa kidole,
kimezibwa kwa gundi huku na huku,
na mkanda uliokatwa kwenye mpira wa pikipiki.
"Mama Haroub, hiki ni kihisi. Elfu kumi na nane tu.
Kinajua ng'ombe yuko wapi.
Kichwa kikiinama, anakula. Kikiinuka, hali.
Kila robo saa kinatuma nukta kwenye simu."
Nikamwambia: mtamba wangu nimemfunga kamba,
atakwenda wapi?
Akacheka, akamvisha Dirhamu shingoni.
Mwezi wa mwanzo vocha juu yake.
Baadaye, alisema, mtaona wenyewe.

Sikuona. Mimi na mwani.
Bamvua halinisubiri; maji yakitoka natoka,
narudi jua limeshanichoma kisogo,
vidole vimetuna kwa chumvi.
Ng'ombe ni kazi ya Haroub:
asubuhi kumhamisha, adhuhuri ndoo ya maji,
alasiri kumhamisha tena,
kwa sababu huku kwetu Maziwa Ng'ombe, jina lisikudanganye,
ukoka huota pale jiwe lilipochoka kuwa jiwe,
kiganja hapa, kiganja kule.
Kila magharibi namuuliza: umemhamisha?
"Nimemhamisha." Wala hatazami pembeni.

Mpaka Dirhamu akaanza kuonyesha mbavu.

Ijumaa moja nikachukua simu, nikafungua ile ramani.
Sijui kusoma ramani. Lakini duara nalijua.
Nukta kwa mamia, nyekundu, zimeshikana
kama shanga zilizomwagika ndani ya sinia,
ukingo haukupotoka hata kwa unywele,
na katikati pake, bila nukta yoyote kusema, kigingi.
Pima tano za kamba ya makumbi. Niliisokota mwenyewe.
Siku nne, duara lile lile.
Kichwa juu. Kichwa juu. Kichwa juu,
na cha kucheua hana.

Nikashika njia, nikashika na ufito.
Pale kigingini udongo mtupu, umelambwa,
na upande wa pili wa jiwe ukoka umesimama,
hatua moja tu kupita ulimi wake.
Nikaona haya mbele ya ng'ombe.
Ramani ile ilikuwa chini hapa siku zote,
imeandikwa kwa meno,
si mbali na mlango wangu.

Haroub nilimkuta kwenye machimbo ya mawe,
ndoo ya Dirhamu kaipindua, kaikalia,
nyundo mkononi, kope nyeupe kwa vumbi,
na lundo la kokoto mbele yake halijatimia debe.
Nikainua ufito. Nikainua na simu:
"Na hii nayo inasema uongo?"

Akaliangalia duara lake. Akaliangalia muda.
"Haisemi uongo," akasema.
"Debe mia mbili, mama.
Na yenyewe kila wiki inataka vocha ya mia tano.
Yule kaka alilipa mwezi mmoja.
Huu wa tatu."

Miezi miwili, basi, mtoto anavunja mawe
ili simu ipate kumsengenya.
Ulisema nisiisahau ile pesa ya chombo, nikasema kesho;
kesho ikawa na mwani, na keshokutwa ikawa na mwani.
Ufito ulikuwa mzito kuushusha,
mzito pia kuuacha juu.
Nikauweka chini, nikachukua ndoo.

Alasiri tulimhamisha pamoja,
yeye kang'oa kigingi, mimi nimeshika kamba.
Nukta ya kwanza nje ya duara
ilifika saa kumi na mbili kasoro robo. Kichwa chini.
Ya pili, kichwa chini.
Ya tatu haikuja. Vocha imekwisha.

Tukakaa pale pale juu ya jiwe, kimya,
tukamsikiliza anavyokata ukoka.