Siku ya Kumi na Moja

Saa kumi na moja alfajiri, mji wa Szeged ungali umefumba,
nami niko mlango wa nyuma wa machinjio
na sanduku la barafu, na baiskeli yenye breki moja.
Ferkó hana salamu, ana kisu.
Ananihesabia macho ya nguruwe, ishirini na manne,
kama muuza mayai:
"Hili lina mkwaruzo. Chukua, nakuongeza jingine bure."

Navuka daraja la Tisza. Ukungu umeulalia mto.
Mgongoni, macho yanagongana taratibu,
hayana kope, yanatazama yote barafu ileile.

Waliosema macho hayana pazia
hawakupata kulipasua jicho.
Pazia lipo: jembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
limetandikwa ukuta wa nyuma,
na ukilivuta kwa papara linachanika,
nawe huna tena kazi siku hiyo.

Idara yetu iko orofa ya chini, chini ya mabomba ya maji moto.
Profesa Hajnalka anakata chini ya taa nyekundu,
miwani juu ya miwani.
Hatumponyi mtu humu. Niliseme mapema,
maana wageni huuliza wagonjwa wamelazwa wapi.
Wagonjwa wako ng'ambo ya barabara, jengo lenye maua.
Sisi tuna sahani za visima,
kila kisima kipande cha pazia,
na swali moja lililokwisha kula ruzuku mbili:
kwa nini seli ipokeayo mwanga huamua kufa?

"Huamua" ni neno langu.
Profesa hulifuta kila nikiliandika.

Haba na haba, nasukuma dawa kwa pipeti;
tone langu halilowi unyayo wa sisimizi.
Siku ya tatu seli zinang'aa kijani.
Ya tano zinapauka pembeni.
Ya saba, giza. Naandika sufuri, naosha vyombo.
Lipo daftari langu zima la sufuri,
nadhifu, lina mstari mwekundu kila ukurasa.

Kisha Zsombor, mwanafunzi, akili yake kwa mchumba,
akakosea chupa.
Sahani ikawa ya kutupwa. Hakuna aliyeitupa.
Siku ya kumi na moja nikaichukua niimwage,
nikaipitisha kwenye hadubini kwa mazoea tu,
kama mtu agusavyo mfuko anaoujua hauna kitu.

Kisima cha tatu: kijani.
Chache, tuseme arobaini,
zimejikunyata kama watu kituo cha basi wakati wa theluji.
Lakini hai.

Hatukupiga kelele.
Profesa alivua miwani ya juu, halafu ya chini.
"Rudia," akasema.

Nimerudia mara kumi na mbili.
Mara moja imekubali.

Jumapili napanda kwa shangazi Etelka, ghorofa ya nne, lifti mbovu.
Wake si mtoto wa jicho,
atolewaye asubuhi, mchana mtu akasoma gazeti.
Ni doa, limeketi katikati kabisa,
kila akitazamacho linakitangulia.
Uso wangu huupata kwa pembeni, shingo ameigeuza kama kuku.
Anapakua supu ya samaki, nyekundu kwa pilipili,
kidole ndani ya bakuli kupima ujazo.
Kinaungua. Hasemi.

"Mmefika wapi?"

Zipo habari tamu ambazo ningeweza kumtungia,
na asingeona uso wangu nikizitunga.

"Siku ya kumi na moja," namjibu.

Anatafuna. Anatoa mwiba, anauweka ukingoni mwa sahani.
"Mwaka jana ilikuwa ya saba," anasema,
na ananipa mkate
hewani, shubiri moja kutoka nilipo.
Nausogeza mkono wangu hadi mkate ulipo.