Kiambishi

Upanga, Jumanne. Umeme umekatika tangu saa nne,
jenereta inakohoa nyuma ya maabara,
nami nahesabu kromosomu za mtoto wa Semeni:
arobaini na tano, arobaini na sita.
Narudia kuhesabu. Si kwa shaka. Kwa adabu.

Ipo Y, fupi kama kipande cha penseli
kilichosahauliwa dawatini.
Jeni yake iliita kwa wakati,
juma la saba, gizani, kabla ya jina;
korodani zikaitika, homoni zikatumwa.
Ila kitasa kilichongwa vingine:
ufunguo ulifika, ukazunguka,
mlango ukafunguka nusu,
na mwili ukapita hapohapo, kwa ubavu.

Chini, kwenye benchi, Semeni ana fomu.
Visanduku viwili. Me. Ke.
Mama mkwe amepiga simu mara tatu kutoka Kisarawe:
"Umejifungua nini?"
Nini! Kama mzigo wa Kariakoo
ambao hujafungua mfuko.

Nimeshuka na somo langu mkononi:
kwamba juma la sita sote tulibeba njia zote mbili,
mimi, karani, mama mkwe,
hata yule jirani atakayesema jikedume,
kisha moja ikanyauka, pasi matanga.
Ananikatiza. "Kuna kinachomuuma?"
Hakuna. Chumvi ya damu iko sawa. Anakojoa vizuri.
"Wapo wengine?"
Wapo. Huenda leo umepanga foleni nyuma ya mmoja.
"Yule daktari kijana anataka kumkata mapema,
kabla mtaa haujajua."
Mwambie asubiri.
Mwenye mwili hajaanza kusema.

Anamfunika kwa kanga, anasimulia kwa sauti ya chini:
usiku amecheua, alfajiri amenyonya mpaka akasinzia,
anapenda kelele za feni, akizisikia ananyamaza.
Nasikiliza, sioni kisanduku hata kimoja.
A- tu, ya mtu yeyote,
ile niliyokaririshwa kwa fimbo, darasa la tano, Temeke,
nikidhani ni sarufi.

Karani anagonga kioo. "Mama, me au ke?"
"Andika jina. Riziki."
"Jina nimeshaandika."
"Liandike vizuri."