Tezi ya Machozi

Daktari Zihalirwa hakuanza na tochi.
Alisema: niletee picha zako za zamani.
Nikapanda Kadutu, nikapekua droo ya cherehani,
nikashuka na tatu:
ya ubatizo wa Nsimire,
ya kadi ya kupigia kura,
na moja ya harusi ya watu, nimebeba sahani ya sambaza.

Akazipanga mezani kama karata,
akaweka rula chini ya nyusi.
"Tazama, mama. Hapa la kushoto limekaa sawa na mwenzake.
Hapa limeanza kushuka.
Hapa limesukumwa kuelekea pua.
Miaka sita.
Kibaya hakina subira ya namna hiyo."

Mtaani walishalipa jina: jicho la deni.
M'Cibalonza alinikamulia majani,
nikashinda gizani siku mbili.

Skana ilionyesha kitu cha mviringo juu ya jicho, upande wa sikio,
kimekaa kwa adabu
mpaka mfupa umekipisha.

Nikamwomba adonoe kipande tu, akapime.
"Hiki hakidonolewi.
Kina ngozi yake, nyembamba kama ya kitunguu.
Ukiipasua kinamwaga mbegu,
na mbegu hurudi baada ya miaka, zikiwa na hasira.
Kinatoka kizima. Na tezi ya machozi itakwenda nacho."

Mimi ni mshonaji. Najua kufumua pindo
bila kugusa kitambaa.
Nikasema: fumua.

Umeme ulikatika mara moja, waliniambia baadaye;
jenereta ikakohoa, mikono yake ikasubiri hewani.

Nilikiona kichupani: cheupe, kama haragi iliyolowekwa.
Nilitaka kukitukana, sikupata neno.
Wiki tano, karatasi ikarudi kutoka maabara:
si saratani. Hakikupasuka.

Sasa natia matone asubuhi, mchana, usiku,
nanunua machozi dukani Nyawera
kama mtu anunuavyo chumvi.

Mwezi wa nane tulimzika kaka yangu Mugisho, Bagira, kwenye mteremko.
Jicho la kulia lililia mpaka kola ikalowa.
La kushoto lilibaki kavu, wazi, likifanya kazi:
likaona nani kaja na koleo,
nani kaja kwa ajili ya wali,
likaona shimo.

Nikafuta upande mmoja wa uso, nikawaambia vijana:
ongezeni shubiri mbili.
Mugisho alikuwa mrefu.